Mume wangu anasema uraia wa Moroko haukaniki. Mtoto wetu je?

Msomaji ni mzaliwa wa Tanga, anaishi Rotterdam mwaka wa sita sasa. Mumewe kazaliwa hapo hapo Rotterdam. Babu wa mume ndiye aliyetoka kijiji cha karibu na Nador, kaskazini mwa Moroko, akaja kufanya kazi bandarini. Wanatarajia mtoto wa kwanza. Anaandika: "Mama mkwe anataka mtoto akizaliwa tu aandikishwe kwenye ubalozi mdogo wa Moroko. Mume wangu hataki hata kusikia. Anasema Moroko ilimshika yeye bila kumuuliza na hawezi kutoka hata akitaka, kwa hiyo mtoto asiingizwe humo. Ni kweli uraia huo haukaniki? Na tukimwandikisha, atapoteza wa Uholanzi, au wa kwetu Tanzania? Wakianza kubishana mimi nabaki katikati, sijui hata huyu mtoto tutamwambia yeye ni nani."

Dada yangu, hongera, na Mungu akujalie ujifungue salama. Nitayajibu yote, ila naanza na jambo ambalo mumeo hatalipenda. Mtoto wenu haingizwi kwenye uraia wa Moroko kwa kuandikishwa. Anazaliwa nao. Kifungu cha 6 cha Kanuni ya Uraia ya Moroko, ya mwaka 1958, kinasema mtoto wa baba Mmoroko au wa mama Mmoroko ni Mmoroko. Hakiulizi kazaliwa Nador au Rotterdam, wala hakiulizi kama jina lake limeandikwa mahali popote. Kuandikisha ni kuchukua ushahidi wa kitu ambacho kimeshakuwapo. Kwa hiyo ugomvi wa mama mkwe na mwanawe ni ugomvi wa karatasi, na uraia wenyewe utapita juu ya vichwa vyao wote wawili.

Hayo maneno "au wa mama Mmoroko" ni mageni kidogo kwenye kifungu hicho. Hadi 2007 baba ndiye aliyerithisha. Mwanamke wa Casablanca aliyeolewa na mgeni alizaa wageni katika nchi yake mwenyewe, akawa anawaombea wanawe vibali vya kuishi nyumbani kwa bibi yao. Vyama vya wanawake vilipigania jambo hilo miaka mingi, Mfalme Mohammed VI akatangaza mabadiliko katika hotuba ya Siku ya Kiti cha Enzi, Julai 2005, na sheria ikapita mwanzoni mwa 2007. Ikiwa mumeo ana dada walioolewa na Waholanzi, watoto wao nao wamo, hata kama hakuna aliyewaambia.

Sasa swali lako la kwanza. Je, haukaniki? Kwenye karatasi mlango upo. Kifungu cha 19 kinasema Mmoroko mwenye uraia mwingine anaweza kuukana wa Moroko iwapo ameruhusiwa kwa amri ya serikali. Tazama vizuri lilivyo jambo hili: raia hakani, raia anaomba aruhusiwe kukana. Na ruhusa hiyo ni adimu kiasi kwamba idara ya uhamiaji ya Uholanzi yenyewe inaiweka Moroko kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake hawawezi kuuacha uraia wao, pamoja na nchi kama Iran na Argentina. Mmoroko anayeomba uraia wa Uholanzi haambiwi akaurudishe wa zamani, kwa sababu wanajua harudishi. Mumeo hajatia chumvi.

Watu wa huku kwetu wakisikia hivyo hushangaa, maana tumezoea kinyume chake. Wewe ukichukua uraia wa Uholanzi kesho, Uholanzi haitakudai uuache wa Tanzania, kwa kuwa umeolewa na Mholanzi. Lakini sheria ya Tanzania yenyewe itakuvua siku hiyo hiyo. Wewe waweza kuupoteza uraia usiotaka kuupoteza, naye hawezi kuupoteza asioutaka. Mko kitanda kimoja na nchi mbili zinazofikiri tofauti kabisa kuhusu mtu aliyesafiri.

Moroko inafikiri hivyo kwa sababu za zamani. Karne ya 19 mabalozi wa Ulaya waliokuwa Tangier na miji ya pwani walikuwa wakiwapa wafanyabiashara wa Kimoroko ulinzi wa nchi zao. Aliyepata karatasi hiyo hakulipa kodi ya Sultani wala kusimama mbele ya kadhi. Wengine walikwenda ng'ambo, wakachukua uraia, wakarudi kufungua duka lile lile mtaa ule ule, sasa wakiwa watu wa mfalme mwingine. Sultani Hassan I aliona raia wanamponyoka huku wamekaa palepale. Ndipo Mkataba wa Madrid wa Julai 1880, katika kifungu cha 15, ukasema Mmoroko aliyechukua uraia wa nje akirudi na kukaa kwa muda fulani, lazima achague: atii sheria za Moroko kikamilifu, au aondoke. Juu ya hofu hiyo kuna jambo lingine ambalo Mwislamu wa pwani ataling'amua upesi, yaani baia. Mmoroko anafungamana na Kiti cha Enzi kwa kiapo cha utii, na kiapo hicho hakihesabiwi kwa mtu mmoja mmoja na kutenguliwa kwenye dirisha la ofisi.

Mfalme Hassan II aliliweka wazi kuliko wote. Uholanzi iliporuhusu wageni kupiga kura za halmashauri za miji kwa mara ya kwanza, mwaka 1986, aliwaambia Wamoroko wasipige. Baadaye akarudia kwenye televisheni ya Ufaransa kwamba hapendi watu wake wageuzwe kuwa Wafaransa. Wazee wengi wanaikumbuka miaka hiyo kwa woga wa vile vyama vya urafiki vilivyokuwa chini ya jicho la ubalozi, ambavyo kila mtu alijua kazi yake ni kutazama nani anasema nini. Katika miaka ya 1990 sauti ilibadilika. Ukaanzishwa Wakfu wa Hassan II kwa ajili ya Wamoroko wa nje, likaja Baraza lao mwaka 2007, na kila kiangazi kuna operesheni ya Marhaba ya kuwapokea bandarini. Fedha zina nafasi yake hapo: mwaka 2023 Wamoroko wa nje walipeleka nyumbani zaidi ya dirhamu bilioni 110. Katiba ya 2011, kifungu cha 17, inawapa haki zote za raia, kupiga kura na kugombea. Ila ukitafuta sanduku la kura za bunge Rotterdam hulioni. Anayetaka kupiga kura ya bunge akiwa nje anampa mtu wakala huko nyumbani. Kati ya 1984 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa na wabunge wao watano, kisha viti vikafutwa, havijarudi. Naliona hilo kuwa kosa kubwa. Huwezi kumkatalia mtu kutoka na papo hapo usimpe mahali pa kusemea ndani.

Na mumeo ana jingine. Babu yake alitoka Rif, ile milima ya kaskazini ulipo mji wa Nador. Mwaka 1958 na 1959 watu wa Rif waliasi, jeshi likawazima kwa nguvu likiongozwa na mwana wa mfalme, ambaye baadaye ndiye akawa Hassan II. Miaka michache baada ya hapo Ulaya ikaja kutafuta vibarua, mkataba na Ubelgiji ukasainiwa 1964, na Uholanzi 1969, na vijana wa Rif wakaachiwa waende kwa wingi. Serikali haikuhuzunika kuwaona wakiondoka. Kwa hiyo Wamoroko wengi wa Rotterdam ni Warifi, lugha ya nyumbani ni Kitarifit, na ukimuuliza mzee wao kabila lake atakuambia Rif kabla hajasema Moroko. Oktoba 2016 muuza samaki Mohcine Fikri alipondwa ndani ya gari la taka huko Al Hoceima akijaribu kuokoa samaki wake waliokamatwa na polisi. Yakazuka maandamano ya Hirak, na kiongozi wake Nasser Zefzafi akahukumiwa miaka 20. Jamaa za nje waliandamana pia, na wengine waliporudi likizo walikamatwa wakiwa na pasipoti za Ulaya mfukoni. Mumeo akisema "ilinishika", huenda hasemi habari za fomu tu. Muulize kuhusu babu yake siku mnapokuwa na nafasi.

Ila nisiitupie Moroko lawama yote. Kamba hii inavutwa na pande mbili. Uraia wa pili usiokanika ungekuwa kitu kidogo kama Ulaya isingeutumia kupima nani ni raia kamili.

Ushahidi uko mjini kwenu. Mwaka 2007 Ahmed Aboutaleb, mtoto wa imamu, aliyezaliwa kijiji cha Rif na kufika Uholanzi akiwa na miaka 15, aliteuliwa naibu waziri. Chama cha Geert Wilders, mwanasiasa anayepinga wahamiaji na Uislamu, kikapeleka hoja bungeni dhidi yake na mwenzake mwenye asili ya Uturuki: wenye pasipoti mbili utii wao una shaka. Hoja ikaanguka. Miaka miwili baadaye Aboutaleb akawa meya wa Rotterdam na akakaa hapo hadi 2024. Lakini angalia alichodaiwa: aache kitu ambacho sheria ya nchi aliyozaliwa haimruhusu kuacha. Khadija Arib, naye mzaliwa wa Moroko, alipokuwa spika wa bunge la Uholanzi, 2016, alikutana na maneno hayo hayo.

Hao ni wakubwa, wana walinzi na vipaza sauti. Kwa mtu wa kawaida uraia wa pili ni mstari mmoja tu kwenye kompyuta ya serikali. Wateja kadhaa wamewahi kuniletea mezani barua za kudaiwa posho ya malezi ya watoto, nyingine zimekunjwa na kukunjuliwa mpaka zinataka kukatika, na kila mmoja ananiuliza kosa lake ni lipi. Baadaye ikajulikana. Mamlaka ya kulinda taarifa binafsi ilitangaza Julai 2020 kwamba idara ya kodi ilikuwa imehifadhi uraia wa pili wa Waholanzi wapatao milioni 1.4 bila haki yoyote, na kwamba ilitumia uraia kama dalili ya udanganyifu. Familia zilizoteseka zilikuwa maelfu, wengi wakiwa na asili ya nje, wakadaiwa makumi ya maelfu ya yuro. Serikali ilijiuzulu tarehe 15 Januari 2021 kwa sababu ya kashfa hiyo, na Desemba mwaka huo idara ikatozwa faini ya yuro milioni 2.75. Sikuwahi kuona mtu hata mmoja aliyeniambia kwamba faini hiyo ilimrudishia usingizi.

Kuna na sheria zinazowagusa wenye uraia mbili peke yao, na hizi mzijue kabla mtoto hajakua. Tangu 2017 Uholanzi inaweza kumvua uraia, hata kabla hajahukumiwa, mtu aliye nje ya nchi aliyejiunga na kundi la kigaidi, lakini ni yule tu mwenye uraia mwingine. Mwenye mmoja havuliwi, kwa sababu hairuhusiwi kumfanya mtu asiwe na nchi. Vijana wawili waliosoma darasa moja wanaweza kutenda kosa moja na kupata adhabu mbili. Sisemi hivyo kwa kumtetea mhalifu. Nasema kwa sababu tofauti kati ya hao wawili ilikwishaandikwa siku walipozaliwa. Nyingine haina uhusiano wowote na uhalifu: Mholanzi mtu mzima mwenye uraia wa pili akiishi nje ya Umoja wa Ulaya miaka 13 mfululizo bila kuhuisha pasipoti yake, anapoteza wa Uholanzi. Mwanao akija kuolewa au kufanya kazi Tanga au Tangier, kalenda hiyo inamhusu. Jirani yake mwenye uraia mmoja haimhusu.

Tena kuna suala la nani atakuja kukuokoa. Mkataba wa The Hague wa 1930 unasema nchi haiwezi kumkingia raia wake dhidi ya nchi nyingine ambayo naye ni raia wake. Kwa maneno ya kila siku: mumeo akipata matatizo akiwa Moroko, Moroko itamhesabu Mmoroko, na ubalozi wa Uholanzi utafika hadi mlangoni. Ali Aarrass alizaliwa Melilla, mji wa Uhispania, akaishi Brussels, akawa Mbelgiji. Uhispania ilimkabidhi kwa Moroko Desemba 2010, akatoka gerezani 2020. Ubelgiji ilikataa kwa miaka kumpa msaada wa kibalozi ikitoa sababu kwamba yeye ni Mmoroko pia, naye hajawahi kuishi Moroko kabla ya kupelekwa gerezani humo.

Baada ya yote hayo, je, nawashauri mmwandikishe? Ndiyo, nawashauri mmwandikishe, na sababu yangu ni hii. Kutomwandikisha hakumwondoi. Sheria ya familia ya Moroko, Mudawana ya 2004, inasema katika kifungu cha 2 kwamba inawahusu Wamoroko wote, hata wenye uraia mwingine. Mtoto asiye kwenye daftari atahesabiwa Mmoroko na hakimu siku ya kesi, lakini siku anapotaka haki hatakuwa na cha kuonyesha. Na haki zenyewe si ndogo. Ikiwa babu aliacha shamba kule kijijini, kumbuka kuwa ardhi ya kilimo nje ya mipaka ya miji ni ya Wamoroko. Mgeni hana njia ya kawaida ya kuimiliki. Nimeona shamba likiangukia kwa binamu ambao hawakulima hata siku moja, kwa sababu wajukuu wa Ulaya walichelewa miaka 20 kutafuta karatasi.

Kuhusu hofu yako ya pili: hapotezi wa Uholanzi. Uholanzi humvua mtu mzima anayechukua uraia mwingine kwa hiari, na huyu hachukui, anazaliwa nao. Wa kwako pia atakuwa nao, maadamu wewe ni raia wa Tanzania kwa kuzaliwa, lakini huo utamngoja mpaka miaka 18, hapo sheria yetu itamtaka achague. Wakenya na Waganda wameshavuka hapo, Kenya kwa Katiba ya 2010, na mimi ni katika wanaoomba tuvuke. Mpaka wakati huo mwanao ana nchi tatu: moja itamlazimisha achague, ya pili haitamruhusu kuchagua, na ya tatu itamtazama kwa jicho la pembeni kwa sababu ya hiyo ya pili. Wewe mwenyewe, ukitaka kujua, ndoa haikufanyi Mmoroko. Mke mgeni anaweza kuomba baada ya kuishi na mumewe nchini Moroko miaka mitano. Mume mgeni wa mwanamke wa Kimoroko hana hata njia hiyo, na wanawake wana kila haki ya kuendelea kulalamika.

Umeniuliza mtamwambia yeye ni nani. Hilo ni lenu, lakini nitakupa nilichoona. Kombe la Dunia la 2022, kikosi cha Moroko kilikuwa na wachezaji 26, na 14 wamezaliwa nje: Hakimi Madrid, Ziyech Dronten, Amrabat Huizen, kipa Bounou Montreal, na kocha Regragui mwenyewe karibu na Paris. Walipoifunga Ubelgiji 2 kwa bila, Achraf Hakimi alikwenda moja kwa moja ukingoni mwa jukwaa, mama yake akamwinamia, akambusu. Mama huyo alifanya kazi ya kusafisha nyumba za watu Uhispania. Wiki ile hakuna aliyewaita zmagria, jina ambalo Wamoroko wa nyumbani huwaita wenzao wa Ulaya wakija likizo na magari na lafudhi iliyovunjika. Lamine Yamal, ambaye baba yake ni Mmoroko, amechagua Uhispania, na yuko sawa sawa. Uraia wa mpira unachaguliwa. Ndiyo maana vijana wanaupenda hivyo: ni mahali pekee ambapo mtu aliulizwa, akajibu mwenyewe.

Mumeo hakuulizwa. Mpeni nafasi ya kulikasirikia hilo bila mama yake kuona kwamba amekana ukoo. Mama mkwe anaposema "aandikishwe", nadhani anaogopa mjukuu atakuja kusimama kaburini kwa babu Nador kama mtalii. Mumeo anaposema "asiandikishwe", anaogopa ule mstari kwenye kompyuta. Zungumzeni hayo mawili kwa majina yake, na msiyafiche chini ya fomu.

Mkishakubaliana, fuateni hivi. Kwanza hakikisheni ndoa yenu imepelekwa kwenye ubalozi mdogo; Mudawana inataka nakala ya cheti ipelekwe ndani ya miezi mitatu, na bila ndoa kuandikwa, mtoto hukwama. Jina la mtoto liteueni mapema. Kwa miaka mingi sheria ya Moroko ilitaka jina lenye asili ya Kimoroko, na ingawa tangu 2010 waraka wa wizara umesema majina ya Kiamazigh, yaani ya Waberberi kama Warifi, yamo, bado nashauri mwende na jina moja litakaloandikwa vilevile manispaa na ubalozini. Wewe peleka habari ubalozi wa Tanzania, The Hague, mtoto akiwa bado mdogo. Na mumeo aende dirishani mwenyewe, akiwa na kunnash, kile kitabu cha familia cha baba yake. Alinganishe jina la ukoo herufi kwa herufi na hati ya kuzaliwa ya Rotterdam kabla ya kuweka sahihi, kwa sababu herufi moja iliyokosewa itamrudisha mwanao mahakamani siku ile ya shamba.